Chupa ya Chai Aliyoondoka Nayo Mke Mkubwa

Kwa vitu vyangu mwenyewe mimi sina kigugumizi. Spika yangu, ile inayotetemesha madirisha ya majirani, niliinunua hata bodaboda aliyenipeleka dukani hajazima pikipiki. Lakini nitume kitu cha nyumbani, beseni, ufagio, kopo la kuwekea chumvi, na hapo hapo kichwa changu kinageuka kamati. Kamati inakaa. Inaahirisha. Inaunda kamati ndogo. Mwisho inatoa taarifa kwamba kile cha bei ya chini kinatosha, na kisipotosha tutaona huko mbele.

Ndivyo nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Ng'ambo, Tabora, ilivyogeuka makaburi ya chupa za chai. Tangu nimuoe Julieth nilikuwa nimenunua tatu, zote za bei ya chini. Ya kwanza ilipasuka kwa ndani siku ile ile tuliyoitoa kwenye boksi. Ilimiminiwa maji ya moto, ikalia kama mtu aliyekanyagwa kidole, ikanyamaza jumla. Ya pili mfuniko wake uligoma kufunguka na chai ikiwa ndani. Tukawa tunaisikia ikicheza mle hadi ikachacha. Ya tatu haikufa, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Ilisimama mezani na maua yake ubavuni, nzima kabisa, na chai uliyoimimina ikichemka, ukimaliza kufunga kamba za viatu imeshakuwa maji ya kunawia uso.

Julieth hakutupa hata moja. Ganda la kwanza alilipandia vitunguu vya majani. La pili alilikata mdomo akawekea miiko. Kila jioni nikitoka kibandani kwangu, ninakotengeneza simu, lazima nipite katikati ya maamuzi yangu yote, yamepangwa ukutani kama picha za wakuu wa shule waliostaafu.

"Damas," aliniambia siku moja akimwagilia vitunguu, "unajua kwamba hela iliyoingia kwenye hivi vigae ingetupa ile nzuri ya kwa Amne, bila kuongeza hata senti?"

"Ile ya kwa Amne bei yake mara tatu," nikajibu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha nne na anataka ijulikane. "Na chai ni ile ile."

"Siyo ile ile. Ya kwa Amne inakuwa ya moto."

"Moto utaisha tu, mke wangu. Hata jua wanasema litakuja kuzimika."

Akaniangalia kama anavyoangalia mchele wenye mawe, akaendelea kumwagilia.

Amne ana duka la vyombo karibu na soko kuu. Watu wa kwao wameuza vyombo Tabora hii tangu enzi ambazo watu wa kwetu walikuwa wakivileta kichwani kutoka pwani. Ndiyo, babu wa babu yangu alitembea kwa miguu hadi Bagamoyo na kurudi, na mzigo juu, na wimbo mdomoni. Mimi mjukuu wake nimeshindwa kutoa chupa moja dukani kwa Amne na kuifikisha Ng'ambo, mwendo ambao hata muwa haujaisha kutafunwa.

Siyo kwamba sikwenda. Nilikwenda mno. Nilikuwa nikiinua ile chupa nzuri, nafungua mfuniko, nanusa ndani, naigonga kwa kidole, naiweka sikioni. Amne alishanipa jina.

"Mpisheni Mkaguzi," alikuwa akiwaambia wateja. "Mkaguzi, leo inakwambia nini?"

"Inasema itashuka bei."

"Hapo umesikia vibaya, mdogo wangu. Aliyesema hivyo ni yule wa bei ya chini hapo pembeni, na yeye unamjua kwa uongo."

Nacheka, naiweka chini, naondoka. Kamati imeahirishwa.

Sasa ikaja simu kutoka Igunga. Bibi Koleta, bibi yake Julieth mzaa mama, anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Atafika Jumamosi, atalala, Jumapili baada ya misa arudi kwao.

Hapa inabidi ujue ukubwa wa jambo. Mama mkwe wangu hawezi kuja kukaa mezani kwangu akala. Mimi na yeye tuna heshima ya kukwepana, tukikutana njiani mmoja anatafuta kichaka. Kwa hiyo ukoo ukitaka kujua binti yao anaishije, anatumwa bibi. Bibi hana haya na mimi hata kidogo. Yeye ni mtani wangu. Ananiita "mume wetu", yeye ndiye mke mkubwa na Julieth ni mke mdogo, na mke mkubwa ana haki zake: kunitukana mbele za watu, kukagua sufuria, na kuondoka na chochote ndani ya nyumba kitakachomvutia. Ukikasirika, umeshindwa. Ukikataa kutoa, umeshindwa zaidi. Na vile wao ni Wasukuma na mimi ni Mnyamwezi, utani ulikuwa wa pande mbili, kama blanketi la kukunja.

"Mume wangu," Julieth alisema baada ya kukata simu. Akinianza hivyo najua kuna uzito. "Unakumbuka wajomba walisema nini siku ya posa?"

Nitakosaje kukumbuka? Walisema huyu fundi simu ana mdomo tu, ndani ya nyumba yake mtakuta upepo. Na Julieth, mbele ya wajomba wote, na mama zake wadogo wakichungulia dirishani, alisimama akasema: huyu ndiye nimemtaka, na nyumba yake mtaiona.

"Bibi akirudi ndiye atawaambia nani alikuwa anasema kweli," akaendelea. "Sikuombi kochi. Sikuombi televisheni. Nataka Bibi anywe chai ya moto kwangu, basi. Unamjua. Kwa shangazi Igunga mjini alipewa ya vuguvugu, akaimwagia kuku, na habari ikatangulia kufika kijijini kabla yake."

"Chupa itakuwepo," nikasema. Nikaweka na mkono kifuani.

Akanipa hela aliyokuwa ameiweka akiba kutokana na kushona, nikaongeza ya kwangu. Ilitosha. Nasema hivi ili asije mtu akadhani nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Ilitosha kabisa, ilikaa mfukoni mwangu wiki nzima, na kila nilipopita kwa Amne mkono ulikuwa ukiishikilia ndani ya mfuko kama vile ina mbawa.

Jumamosi yenyewe nikaingia dukani nikiwa nimekaza uso. Nikaichukua chupa nzuri. Nikaiweka chini. Nikaichukua ile nyingine. Bei mara tatu, Damas! Mgeni mwenyewe wa kulala mara moja. Je kama hii ya bei ya chini imeboreshwa tangu mwaka jana? Viwanda si vinaendelea?

"Mkaguzi, mkono wako uko mfukoni tangu umeingia," Amne akasema. "Umeumia?"

"Nafikiria."

"Fikiria, lakini usiniegemee kabati."

Nikatoka pale na kichujio cha chai. Ndiyo. Kamati ilipitisha kichujio. Cha plastiki, cha rangi ya chungwa.

Nimefika karibu na nyumbani nikamkuta Mama Zuena, jirani yetu, anaosha vyombo vyake vya biashara. Mama Zuena anauza chai na vitumbua pale kona kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, mafundi wanapokuwa wamelala. Chupa yake huwa imevalishwa kifuniko cha kufuma cha uzi wa njano, kama mtoto aliyepelekwa kliniki, hata hakuna anayejua chini yake ina rangi gani. Siku hiyo alikuwa amelivua lile koti analianika. Nikaiona chupa tupu. Ilikuwa ile ile ya kwa Amne! Ya buluu, imetulia, haina kovu.

Wazo lilinijia kwa kasi ambayo dukani sijawahi kuwa nayo.

"Shikamoo, Mama Zuena."

"Marahaba, fundi. Mbona unatabasamu kama mdeni?"

Nikamweleza nusu: mgeni, heshima, siku moja tu. Akaifuta chupa polepole huku akinipima.

"Damas, mwanangu, hii ndiyo ofisi yangu. Jumatatu alfajiri isipokuwepo pale kona, sijafungua ofisi."

"Jumapili jioni iko mlangoni kwako."

Akanipa. Nikaigeuza chini, na hapo nikaona doa la rangi ya kucha, jekundu, kubwa kama kifungo. Kwetu kila nyumba ina alama yake chini ya vyombo, kwa sababu msiba ukitokea au harusi, sufuria na sinia za mtaa mzima zinakwenda sehemu moja, na wakati wa kugawana lazima kila mtu ajue cha kwake. Julieth anaosha vyombo kwenye kila msiba wa mtaa huu. Lile doa angelijua hata gizani.

Lakini mimi si fundi? Nikapita kibandani, nikachukua stika ya duara ya rangi ya dhahabu, ile ninayobandika kwenye vioo vya simu kuwathibitishia wateja kwamba ni halisi, nikaipachika juu ya doa. Nikajisifu hata. Mtu mwenye akili nyingi hivi, nikawaza, anashindwaje kununua chupa?

Julieth alipoiona alikaa kwenye kigoda.

"Umenunua."

"Nilikwambia."

"Damas. Umenunua kweli."

Akanikumbatia mchana kweupe, mlango wazi, wapita njia wanaona. Kisha akaiosha, akaifuta kwa kanga yake nzuri, akaiweka katikati ya meza, akarudi nyuma kuitazama. Akaisogeza kidogo kushoto. Mimi nikakitoa kile kichujio mfukoni, nikasema hiki ni nyongeza. Nilijisikia mwizi anayeacha zawadi.

Bibi Koleta aliteremka kwenye bajaji saa tisa, mwembamba, mrefu, na gunia la mchele wa Igunga, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kuku mmoja aliyekuwa kimya kwa woga.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mume wetu. Mbona umekonda? Mke mdogo hakulishi, au chakula chote kinaishia kwenye maneno?"

"Bibi, nimekonda kwa kukuwaza."

"Mwongo. Mnyamwezi akiwaza huwa amelala. Beba gunia. Babu zako ndiyo kazi waliyoijua."

Nikabeba. Majirani wakashangilia. Raundi ya kwanza ilikuwa ya kwake.

Ndani akakagua kila kitu pasipo kuuliza ruhusa. Kitanda akakibonyeza. Sufuria akazigonga. Akasimama muda mrefu mbele ya vitunguu vilivyoota kwenye ganda la chupa.

"Hili nalo ni shamba?"

"Ni bustani, Bibi."

"Mna bustani moja ya hivi na ya pili ina miiko. Mh."

Julieth akamimina chai. Mvuke ukapanda. Nakwambia ulipanda hadi ukataka kushika dari. Bibi akakiinua kikombe, akakisogeza mdomoni, akarudisha. Akapuliza. Akajaribu tena, akafumba macho. Akatafuna mchembe mmoja, akashushia, akasema neno moja tu, "Wabeja," yaani asante ya kwao, na akaongeza kwamba tangu avuke Nzega hajaona kitu cha moto. Julieth aliniangalia juu ya kichwa cha bibi yake. Sijawahi kuangaliwa vile. Ilikuwa raha na ilikuwa inauma, kama kukwanguliwa mgongo mahali penye jipu.

Bibi akavuta chupa ajimiminie tena. Meza ilikuwa na maji. Akaiinua, akaipangusa chini kwa ncha ya kanga yake, akatazama pale chini. Akakaa akitazama kidogo.

"Mh," akasema.

Nikajipa moyo kwamba macho ya wazee hayaoni vitu vidogo. Usiku nilipoiangalia, stika haikuwepo. Nikaitafuta mezani, chini ya meza, kwenye beseni. Haikuwepo. Nikabandika nyingine, nikalala kwa shida.

Jumapili tulitoka misa, tukala kuku yule yule aliyekuja kimya, Bibi akaanza kufunga mizigo. Kanga. Asali niliyomnunulia. Kisha akanyoosha mkono katikati ya meza, akaichukua chupa ya Mama Zuena, akaizungushia kitenge mara mbili, akaibana kwapani.

"Mume wetu, hii nakwenda nayo. Ni haki ya mke mkubwa."

Mchembe niliokuwa natafuna ulikwenda njia isiyo yake.

"Bibi," nikasema nilipopata pumzi, "chukua spika. Chukua kiti hiki."

"Spika nitaichezea ng'ombe? Nataka chupa."

"Hiyo chupa ni... nzito. Safari ndefu."

"Ametukataza!" Bibi akapiga kigelegele kidogo cha kunichoma. "Julieth, mume wetu anakataza!"

Na hapo Julieth, mke wangu mpenzi, akacheka kwa furaha iliyotoka tumboni. "Chukua, Bibi! Chukua tu. Damas atanunua nyingine kesho. Siku hizi hana shida na mambo hayo."

Nikatabasamu. Nadhani nilitabasamu. Uso ulifanya kitu. Halafu nikasema tangulieni stendi, kuna mteja namkimbilia mara moja, nitawakuta.

Nilimkuta Amne anashusha mlango wa bati, anakwenda kuswali adhuhuri.

"Dada Amne, chupa! Ile nzuri!"

"Mkaguzi, rudi alasiri. Ukianza kusikiliza hapa nitakosa swala."

"Sisikilizi. Naomba."

Akainua mlango nusu. Ndani kulikuwa na ya buluu na ya kijani. Na hapo, amini usiamini, mjukuu wa wapagazi nikaanza: ya buluu itafanana na ile ya kwanza, lakini ya kijani haionyeshi uchafu, na je kama... Amne akakohoa. Nikaizaba kamati kofi, nikashika ya buluu, nikatoa hela yote. Amne aliiinua noti moja juani.

"Siyo bandia," nikamwambia. "Zimekaa mfukoni tu, zimepauka."

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningempa Bibi mpya, ningemwambia hii ndiyo inayokufaa, ile imeshatumika, mke mkubwa hapewi kilichotumika. Ningerudisha ya Mama Zuena. Julieth asingejua. Nyumbani tungebaki bila chupa nzuri, lakini hilo lingejadiliwa na kamati.

Stendi nikakuta basi la Igunga limeshawashwa. Bibi yuko dirishani na kitenge mapajani, Julieth amesimama chini yake, wameshikana mikono.

"Bibi!" Nikahema. "Mke mkubwa hapewi kilichotumika. Nimekuletea mpya. Nipe hiyo."

"Mpya?" Julieth akageuka, uso umejaa mwanga. "Umemkimbilia mpya?"

Bibi akanyoosha mkono dirishani, akaichukua mpya. Akaifungua, akanusa ndani. Akaigeuza chini, akapitisha kidole gumba pale katikati, polepole, kama anayepapasa nundu ya ndama. Safi. Akaiweka mapajani. Kisha akaizongoa ile ya kwanza kutoka kwenye kitenge, na hakunipa mimi. Alimpa Julieth.

"Shika, mama. Kamrudishieni mwenyewe."

Julieth akaipokea. Stika yangu ya pili ilikuwa imeng'oka upande mmoja, inaning'inia kama ulimi. Akaitoa kwa ukucha. Doa jekundu likatokea.



"Mume wetu," Bibi akasema, na safari hii hakuwa akipiga kelele, "mimi nimeosha vyombo vya misiba tangu baba yako hajazaliwa. Nilikuwa nakwenda kuwaambia watu nyumbani kwamba mume wa Julieth kanipa chupa. Nikasema isije ikawa nawadanganya. Sasa kanipa." Halafu akanitolea ulimi, kweli kabisa, mwanamke wa umri ule, basi likaondoka.

Tulitembea. Julieth ameikumbatia chupa ya Mama Zuena kifuani. Nikajaribu: "Angalau stika zangu ni imara, hata wateja..."

"Nilimwambia utanunua nyingine kesho," alisema akitazama mbele. "Nilisema hivyo nikicheka. Alikuwa anajua, mimi nacheka."

Mzaha wa pili ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaumeza. Ulikuwa mkubwa, lakini ulipita.

Tulipofika nyumbani hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda kile kile. Nami nikaingia chumbani, nikaing'oa spika ukutani pamoja na nyaya zake, nikatoka nayo begani hadi kwa Silasi, kinyozi, ambaye tangu naifungulia boksi alikuwa akiimezea mate.

"Unaiuza?" Silasi akaacha kichwa cha mteja nusu. "Kweli? Mh. Ngoja nifikirie. Unajua nina moja ndogo, bado inatoa sauti kiasi. Labda mwisho wa mwezi..."

Nikajiona kwenye kioo chake kikubwa nyuma yake, na spika begani, nikamsikiliza. Mungu wangu, kumbe ndivyo ninavyosikika!

"Silasi. Usifikirie. Mimi nimefikiria kwa niaba ya Ng'ambo nzima, akiba ipo ya kuwatosha wote. Unataka au hutaki?"

Mteja mwenye nusu kichwa akasema, "Nunua bwana, nimalizwe." Akanunua.

Amne alikuwa ameshafungua tena. Aliponiona akarudi nyuma ya kaunta.

"Mkaguzi, mara ya pili leo? Sasa naogopa. Kuna mtu anaumwa?"

"Ya kijani," nikasema. "Usiifunge."

Nikaibeba mkononi njia nzima, wazi, watu waione. Kwa kweli hakuna aliyeitazama. Nyumbani nikaiweka mezani, nikaigeuza chini juu ili Julieth asije akaigeuza mwenyewe. Akainuka, akaikagua kama bibi yake, kwa kidole gumba. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kichupa cha rangi ya kucha, ya zambarau, maana nyekundu ni ya Mama Zuena na mtaa mzima unajua. Akaweka doa moja chini, akalipuliza.

"Ile nyingine kairudishe mwenyewe," akasema. "Na umweleze ilikwenda kufanya nini."

Nilieleza. Niliivalisha chupa yake koti la njano mbele ya macho yake, nikasema yote. Mama Zuena alicheka hadi akashikilia mlango. Jumatatu asubuhi mafundi wote pale kona walikuwa wananiita Mume Wetu.

Lakini kabla sijatoka asubuhi hiyo, Julieth alimimina chai kutoka ya kijani. Mimi nina mazoea ya miaka: chai inamiminwa, napiga funda kubwa la kwanza kwa mkupuo, maana siku zote ilikuwa vuguvugu. Nikapiga funda.

Nilisikia ulimi ukijikunja kama karatasi motoni. Machozi yakatoka. Nikapiga meza, nikaruka, nikazunguka vitunguu. Julieth alikuwa ameegemea mlango na simu sikioni, anaongea na Igunga, akinitazama bila haraka.

"Bibi amefika salama," akasema alipokata. "Wajomba walikuwa wamekaa wanamngoja. Kawawekea chupa katikati, kawamiminia. Amewaambia mume wetu ni mwongo, na chai yake ni ya moto."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri sana, la kuwafikia wajomba wote watatu na Bibi juu yao. Nikafungua mdomo, ukatoka upepo tu.

"Unasemaje?" akauliza.

Nikasogeza kikombe.

Akanimiminia, akakaa karibu yangu, akakipuliza.